Tulirudi Petta, Nchi ya Ngurumo

Mwezi huu ukurasa wa safari unawapeleka mashariki ya Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, mahali panaitwa Petta. Baadhi yenu mlipita karibu napo mwaka 2008, godoro kichwani na mtoto mgongoni, na siku hizo nani alikuwa na nafasi ya kuuliza jina la kijiji?

Tuliokwenda tulikuwa watu wanne, wote wa kundi lile la Wakenya waliovuka Busia na Malaba baada ya fujo za uchaguzi wa Desemba 2007. Mnakumbuka tulianzia Malaba, tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo huo wa 2008 tukaletwa hapa Kiryandongo. Mulanda na Petta zote ziko Budama Magharibi. Mzee mmoja wa Petta alikuwa anatuletea muhogo kwenye turubai zetu bila kudai hata shilingi, na tangu hapo urafiki haujakatika. Sasa umri umeenda, akatuma salamu: njooni mnione nikiwa bado nawatambua.

NJIANI

Kutoka Bweyale tulipanda basi hadi Kampala, tukalala huko. Asubuhi tukashika taksi ya Jinja, Iganga na Bugiri mpaka Tororo. Ule mwamba wa Tororo unauona kutoka mbali, umesimama peke yake juu ya mji kama jino lililobaki. Ni masalio ya volkeno ya zamani sana.

Mpaka hauko mbali. Ukifika Busia utaona watu wanavuka kwenda Kenya na kurudi kama wanaenda kwa jirani kuomba chumvi. Hilo neno bodaboda tunalolitumia sisi sote lilizaliwa mpakani hapo, wakati baiskeli zilipokuwa zinabeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda.

Tulikuwa na gunia la mahindi na mizigo mingine, kwa hiyo tulikodi taksi ndogo ya abiria 14 kutoka Tororo mpaka Petta. Shikeni hiyo taksi akilini, maana itarudi kwenye habari hii.

Petta ni nchi ya watu wa Jopadhola. Lugha yao ni ya jamaa moja na Kijaluo, hivyo mwenzetu mmoja kutoka Nyanza alikuwa anacheka na akina mama tangu tuliposhuka, sisi wengine tukingoja kutafsiriwa. Mashamba ni ya muhogo, wimbi, mtama na karanga, na mabondeni kuna mpunga. Nyumba za mabati na za nyasi zimekaa pamoja uwanja mmoja, kama hapa kwetu.

SIKU 251 KWA MWAKA

Usiku wa kwanza tulikaa nje na mzee. Juu ya vichwa vyetu nyota zilikuwa wazi, lakini upande wa kusini mbingu ilikuwa inamulika, inazima, inamulika, bila sauti yoyote. Mmoja wetu akasema huo ni umeme wa joto tu, hauna neno. Mzee akacheka. "Hakuna umeme wa joto, wanangu. Hiyo ni mvua ya watu wa ziwani. Iko mbali, ndio maana hamsikii."

Na ni kweli kabisa. Sauti ya radi kwa kawaida haivuki zaidi ya kilomita 15 hadi 20, lakini mwanga wake usiku unaonekana mbali sana. Umeme usio na sauti ni umeme wa kawaida, ila uko kwa watu wengine.

Tororo inajulikana duniani kwa jambo hili. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliandika kwamba kwa miaka kumi, kuanzia 1967 hadi 1976, Tororo ilikuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Siku ya ngurumo ni siku ambayo mtu wa kituo cha hali ya hewa amesikia ngurumo, hata kama ni mara moja. Pigeni hesabu: ni siku mbili katika kila siku tatu.

Kwa nini huku? Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa ya juu ya nchi inapanda, na upepo wenye unyevu unatoka ziwani kujaza nafasi yake. Ukikutana na upepo wa mashariki na miinuko ya upande wa Mlima Elgon, hewa inasukumwa juu na mawingu yanavimba. Ndio maana saa tisa, saa kumi za mchana ngurumo inaanza. Usiku mambo yanageuka, dhoruba nyingi zinakuwa juu ya ziwa lenyewe, na wavuvi wanakutana nazo gizani.

Ndugu zetu wa Kongo msijione mmesahaulika. Mwaka 2016 wanasayansi waliotumia setilaiti walitangaza kwamba Kabare, karibu na Ziwa Kivu, inaongoza Afrika nzima kwa wingi wa umeme, na ni ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa hiyo hii ni habari ya kambi nzima.

UMEME SI WA AINA MOJA

Kwanza tuelewane maneno. Ile ya kwenye waya tuiite stima, maana hapa Uganda Umeme lilikuwa jina la kampuni ya stima kuanzia 2005 hadi 2025. Hapa tunaposema umeme tuna maana ya mwanga wa mawinguni, na radi ni ule unaopiga.

Ndani ya wingu kubwa vipande vya barafu vinagongana na kusuguana, na wingu linagawanyika: chini linajaa chaji hasi, juu chaji chanya. Ikizidi, inapasuka. Njia ya radi inapata joto la nyuzi 30,000 hivi, karibu mara tano ya uso wa jua. Hewa inatanuka ghafla kwa joto hilo, na ule mlipuko ndio ngurumo.

Umeme mwingi zaidi unabaki huko huko juu, ndani ya wingu au kati ya wingu na wingu. Wingu lote linawaka kama taa ndani ya pazia. Huo haukuui, lakini unakwambia jirani yake anakuja.

Kuna radi ya kushuka chini, ile ya matawi tunayoijua sote. Mara nyingi inapiga mara tatu, nne katika njia ile ile kwa muda wa kupepesa jicho, ndio maana unaona inatetemeka.

Kuna nyingine inatoka kichwani mwa wingu, kule kwenye chaji chanya. Ni chache, haifiki moja katika kumi ya zinazofika chini. Lakini mara nyingi ina nguvu zaidi na mkondo wake unakaa muda mrefu, kwa hiyo ni hodari wa kuchoma nyasi na misitu.

Kuna radi inayotoka ubavuni mwa wingu, ikasafiri, ikashuka mahali jua linawaka. Inaweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka kwenye mvua. Huyu ndiye anayemuua mtu aliyesema "bado hakujanyesha."

Kuna radi ya kupanda, inayoanzia kwenye kitu kirefu kama mnara ikaelekea mawinguni. Na kuna ule mpira wa moto ambao wazee wanausimulia, unaelea hewani kisha unapotea. Watu wa nchi nyingi wameutaja, ila ni nadra sana na wanasayansi bado wanabishana juu yake.

TAKSI ILIYOJAA WATOTO

Siku ya pili, saa tisa hivi, dereva alikuja kutuchukua. Jua lilikuwa linawaka. Watoto walikuwa wanacheza mpira, nyanya mwenye nyumba ameanika muhogo. Mara ngurumo moja, ya mbali, kama mtu anasukuma pipa tupu.

Sisi hata hatukugeuka. Lakini uwanja wote ulibadilika. Muhogo ukakusanywa, mpira ukasimama bila mtoto kubishana. Tukauliza, "Mzee, mbona haraka hivi? Hakuna hata tone." Akasema, "Mvua haiui. Mnangoja nini, mlowe kwanza?"

Tukaanza kuelekea kwenye mvule mkubwa uliokuwa ukingoni mwa uwanja, kwa mazoea. Ndama mmoja alikuwa amefungwa hapo. Mzee akapaza sauti kama anafukuza wezi: "Tokeni huko! Huko hapana!" Basi tukauliza tuingie wapi, kwenye jiko la nyasi au nyumba ya mabati? Jibu lake hatujalisahau. "Sina nyumba salama. Nina nyumba iliyo afadhali." Halafu akaitazama taksi yetu.

Akamwendea dereva. "Ndugu yangu, nisaidie gari lako nusu saa." Dereva alikuwa na haraka ya kurudi Tororo, akaanza kulalamika habari ya mafuta na viti. Mzee hakubishana, akafungua mlango akaanza kupakia wajukuu. Tulihesabu watoto 17 na watu wazima wanne kwenye gari la watu 14, vioo vimefungwa, jasho, kilio, na mmoja ameingia na kuku. Mzee alituambia tusishike chuma cha mlango, mikono mapajani. Gari lenye bodi ya chuma lililofungwa ni mahali pazuri, kwa sababu radi ikilipiga inapita juu ya ngozi yake ya nje mpaka ardhini. Watu wanasema ni matairi yanayokinga. Si matairi, ni lile bati linalokuzunguka. Kwa hiyo lori lililo wazi, bodaboda na baiskeli hazikusaidii.

Mzee mwenyewe alikaa ndani ya nyumba ya mabati, juu ya kigoda katikati ya chumba, miguu pamoja. Nyanya alikataa kutoka jikoni kwake. "Nimezaliwa na ngurumo hizi," akasema.

Tukawa tunahesabu na watoto. Ukiona mwanga unahesabu mpaka usikie sauti, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Kumi na nane. Kumi na moja. Sita. Halafu mwanga na sauti vikaja pamoja, gari likatikisika, na wote tukanyamaza, hata kuku.

Mvule ulipigwa. Ganda lilibanduka mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kama mtu amelichuna kwa panga. Ndama alikuwa amelala ubavu, amekufa, bila jeraha tuliloliona. Nyanya tulimkuta ameketi chini jikoni, anasugua miguu. Ilikuwa imekufa ganzi mpaka magotini, na alitembea tena baada ya muda. Dereva hakusema tena habari ya mafuta. Alitoa watoto mmoja mmoja, akiwahesabu upya, ingawa si wake.

RADI INAFIKAJE KWA MTU

Tulidhani radi inaua mtu kwa kumpiga kichwani. Kumbe hiyo ndiyo njia ya nadra. Wataalamu wanakadiria kwamba waliopigwa moja kwa moja ni watatu hadi watano tu katika kila mia wanaodhurika.

Karibu nusu wanadhurika na mkondo unaotambaa ardhini kutoka mahali radi iliposhukia. Unapanda mguu mmoja na kushukia mguu mwingine. Ndio uliomfikia nyanya. Ng'ombe anaumia zaidi kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana, na mkondo unapita kifuani penye moyo.

Wengine wanapigwa na radi inayoruka kutoka kwenye mti au nguzo kumwendea mtu aliyesimama karibu. Wengine wamegusa kitu kilichounganishwa na mahali palipopigwa: waya wa kuanikia nguo, seng'enge, bomba, mkono wa pampu ya kisima, au simu iliyo kwenye chaji ya sola. Simu yenyewe haiiti radi, hatari ni ule waya unaoshuka kutoka kwenye paa. Na wengine wanaumizwa na cheche inayopanda kutoka miilini mwao kuelekea juu, hata kama radi yenyewe imeshukia kando.

Bati pia haliiti radi. Shida ni kwamba paa la bati juu ya nguzo za miti halina njia ya kuifikisha radi ardhini, kwa hiyo inatafuta njia kwa kuruka, na walio chini ndio wanakuwa njia. Nyumba ya nyasi nayo haikingi. Mwezi wa Agosti 2020 huko Arua, watoto waliokuwa wanacheza mpira walikimbilia kibanda cha nyasi kujikinga mvua. Watoto 10 walikufa.

MULANDA NA NGUZO YA TURUBAI

Tulipopita Mulanda tukirudi, ndani ya gari hatukuongea sana. Kila mmoja alikuwa anakumbuka jambo lile lile. Mwaka 2008, upepo wa mvua ulipokuja mchana, mama aliita watoto wote ndani ya turubai, na kwa sababu upepo ulitaka kuling'oa, sote tulishika nguzo. Baba, mama, watoto, mikono minane au kumi kwenye nguzo moja, juu yetu radi inapasuka. Tuliona tunalinda familia. Kumbe tulikuwa tumewapanga watoto wetu kwenye njia ya radi. Hatukujua. Ilitupita kwa bahati tu.

Tunakumbuka pia mama mmoja mzee aliyenyooshewa vidole baada ya radi kuua mbuzi wa jirani waliyegombana naye. Ikasemwa ameituma. Alihama klasta yake usiku. Ndugu zetu, tumeona ndama wa mtu mwema akifa kwa sababu alifungwa chini ya mti mrefu. Radi haina ugomvi na mtu. Tusifukuze nyanya zetu kwa kosa la wingu.

NYUMBANI KWETU

Haya si mambo ya Tororo peke yake. Juni 28, 2011, hapa hapa wilaya ya Kiryandongo, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya. Wanafunzi 18 walikufa na zaidi ya 30 wakapelekwa hospitali. Baadaye mtandao wa wanasayansi wenye makao Kampala, unaoitwa ACLENet, ulifunga kingaradi kwenye shule hiyo: chuma cha juu ya paa, waya mnene wa kushuka, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Hiyo ndiyo njia ambayo bati peke yake halina.

Na Novemba 2, 2024, wakimbizi wenzetu wa Palabek, wilaya ya Lamwo, walikuwa kwenye maombi jioni chini ya kibanda cha bati mvua ilipokuja. Radi iliua watu 14 na kujeruhi 34. Wengi walikuwa vijana na watoto.

Sasa angalieni vibanda vyetu vya mikutano, vya maombi na vya chekechea. Vingapi ni bati juu ya miti? Na saa kumi mchana nani yuko chini yake? Tunaomba kila klasta ijadili mambo mawili kwenye mkutano wake: nani atapiga kengele akisikia ngurumo ya kwanza, na watoto wakimbilie jengo gani. Tuleteeni majibu, tutayachapa mwezi ujao pamoja na majina ya klasta.

KATA UBANDIKE UKUTANI

1. Ukisikia ngurumo, uko tayari ndani ya uwezo wake. Ondoka uwanjani, shambani, kisimani, majini. Usingoje mvua.

2. Mahali pazuri ni jengo kubwa lililofungwa lenye kingaradi iliyofika ardhini, au gari la chuma lililofungwa vioo. Kama havipo, ingia jengo kubwa la kudumu lililo karibu. Kaa katikati, mbali na kuta, nguzo, waya na bomba, miguu pamoja. Hii inapunguza hatari tu, haiimalizi.

3. Usisimame chini ya mti, wala kibanda kilicho wazi. Usishike nguzo ya turubai. Usifunge mifugo chini ya mti mrefu.

4. Mkiwa wengi na hamna pa kuingia, msisongamane. Achaneni, ili mmoja akipatwa wengine wamsaidie.

5. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

6. Aliyepigwa na radi hana stima mwilini. Mshike! Usingoje, usiogope. Kama hapumui, mlaze chali, weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike au apumue. Wakiwa wengi, anza na yule aliyelala kimya kama maiti. Yule anayelia anapumua.

Mzee wa Petta anawasalimu wote, hasa waliokula muhogo wake. Alituuliza kama hapa Kiryandongo tuna gari la kuwaweka watoto. Tulikaa kimya, naye hakurudia swali. Tuonane mwezi ujao.